Serikali ndogo, kwa nani?

Mwaka uliopita, katika somo la kutafsiri, mwalimu wetu aliandika ubaoni maneno mawili ya Kiingereza yanayosikika kila mara Wamarekani wanapofanya uchaguzi, akatuomba tuyatie katika Kiswahili. Tulidhani ni kazi ya dakika moja. Mwenzetu mmoja aliinua mkono: «Serikali ndogo.» Darasa zima likacheka. Sauti ikatoka nyuma: «Hiyo si tunayo tayari!»

Kicheko kile hakijanitoka kichwani. Tulicheka kwa sababu kwetu serikali ndogo ni serikali isiyofika: barabara isiyotengenezwa, mwalimu asiyelipwa, bomba lisilotoa maji. Lakini mamilioni ya Wamarekani wanapoyasikia maneno hayo hawacheki. Kwao ni ahadi, na wengine wameipigia kura maisha yao yote. Si wajinga, wala wote si matajiri wanaokimbia kodi. Nataka kueleza hapa kwa nini ahadi hiyo inavuta, mahali inapovunjika, na kwa nini sisi watu wa kitivo cha lugha tuna sababu ya kuichunguza kabla ya kuipokea au kuidharau.

Tuanze na neno lenyewe. «Serikali» lilitufikia kutoka Kiajemi, ambako linaunganisha «kichwa» na «kazi»: ni mkuu wa shughuli, msimamizi. Hapa Kongo tuna neno jingine, «Leta», tulilolichukua katika Kifaransa cha wakoloni. Tunasema kazi ya Leta, watu wa Leta. Kabla yake kulikuwa na Bula Matari, mvunja mawe, jina alilopewa Stanley kisha likahamia kwa utawala wote wa kikoloni. Kwa hiyo hata sisi tuna hofu ya dola, tena ya zamani. Ila hofu yetu ni ya mtu aliyekutwa na dola ikiwa imekwisha kuundwa na wengine. Hofu ya Mmarekani ni ya mtu anayejiona kuwa ndiye aliyeiunda, akaifunga kamba siku ile ile. Wazee wake waligombana na mfalme wa Uingereza juu ya kodi, na mwaka 1791 wakaongeza katika katiba yao sharti la kumi: mamlaka ambayo katiba haikuipa serikali ya shirikisho yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Mhafidhina wa Marekani anaposema serikali ipunguzwe, anaamini anarudisha kitu mahali pake. Haoni kwamba anabomoa.

Hoja zake ni nzito, na ni haki zisikilizwe kwa sauti yake mwenyewe. Ya kwanza ni ya maarifa. Mwanauchumi Friedrich Hayek aliieleza mwaka 1945: habari zinazohitajika kuendesha uchumi zimetawanyika katika vichwa vya watu wengi, na hakuna ofisi moja inayoweza kuzikusanya zote. Muuza duka wa mtaa anajua nani ana shida wiki hii. Wizara iliyo mbali haijui. Hoja ya pili ni ya ujirani. Mfaransa Tocqueville, aliyezuru Marekani mwaka 1831, alishangaa kuona jinsi watu wa kule walivyojiundia vyama kwa kila jambo bila kungoja wakubwa. Mhafidhina anahofu kwamba serikali ikifanya yote, familia, kanisa na chama cha mtaa vitalegea kama msuli usiotumiwa. Ya tatu ni ya fedha: anayetumia fedha za wengine kwa ajili ya wengine hana sababu kubwa ya kuzitunza.

Hoja hii ya tatu sihitaji kuisoma kitabuni. Mama yangu anauza vitenge sokoni. Kila asubuhi anapita mtu mwenye kitabu cha risiti. Mchana anapita wa pili, na risiti zake ni za rangi nyingine. Hakuna anayemweleza mama fedha hizo zinakwenda wapi. Siku nilipomsimulia kwamba kuna nchi ambako watu wanagombea urais kwa kuahidi kuwapunguza watu wa risiti, aliuliza kama wanaweza kuja kugombea na huku.

Tena kuna mahali ambapo mawazo haya yalijaribiwa yakafaulu. Kwa miaka mingi, halmashauri moja ya serikali huko Washington ndiyo iliyoamua ni shirika gani la ndege liruke kati ya miji gani, na kwa nauli gani. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter, ambaye alikuwa wa chama cha Democratic, alitia sahihi sheria ya kuyafungulia mashirika hayo. Ushindani ukaongezeka, nauli zikashuka zikilinganishwa na gharama nyingine za maisha, na halmashauri yenyewe ikavunjwa mwanzoni mwa 1985. Hapa ahadi ilikuwa na jina na anwani: ofisi hii, kazi hii, haihitajiki. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, kwa sababu ndilo linalokosekana mara nyingi.

Mtu aliyeyapa mawazo haya sauti kubwa kuliko wote ni Ronald Reagan. Alipoapishwa Januari 1981 alisema kwamba serikali si dawa ya matatizo, bali ndiyo tatizo. Hivyo ndivyo tunavyoinukuu sentensi yake. Lakini ilikuwa na mwanzo ambao wanaomnukuu huuacha: alisema «katika msukosuko huu tulio nao sasa», akimaanisha mfumuko wa bei na ukosefu wa kazi wa miaka ile. Tena katika hotuba hiyo hiyo alisema hakusudii kuiondoa serikali, anataka ifanye kazi. Kauli ya wakati fulani, juu ya hali fulani, ilikatwa kichwa ikageuka kanuni ya milele. Wanafunzi wa pragmatiki wanajua kinachotokea sentensi ikinyang'anywa muktadha wake.

Sentensi yake ya pili ni mashuhuri zaidi. Mwezi wa Agosti 1986, mjini Chicago, aliwaambia waandishi wa habari kwamba maneno tisa ya kutisha kuliko yote katika Kiingereza ni ya mtu anayekuja kusema ametoka serikalini na amekuja kusaidia. Kwa Kiswahili hayafiki tisa, manne yanatosha: «Nimetoka serikalini, nimekuja kusaidia.» Watu walicheka, na mama yangu angecheka pia. Ila mkutano ule ulihusu wakulima walioelemewa na madeni na ukame, na katika maelezo hayo hayo Reagan alijivunia kwamba serikali yake inatumia fedha nyingi kwa kilimo katika mwaka mmoja kuliko serikali yoyote iliyotangulia ilivyotumia katika muhula wake wote. Yaani mzaha ulikuwa wa kila mtu, na msaada ulikuwa wa wakulima. Sidhani kwamba Reagan alikuwa mnafiki. Nadhani alifanya kile ambacho wahafidhina wengi wanafanya: anasema «serikali» akiwa na picha ya ofisi moja kichwani, na msikilizaji anaipokea akiwa na picha ya ofisi nyingine.

Ndipo ninapofika kwenye jambo ninalotaka kulisema. «Serikali ndogo» ni maneno ambayo maana yake haikamiliki mpaka ujue ni nani anayeyasikia.

Mfano mkubwa unatoka mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas. Septemba 1957 wanafunzi tisa weusi walitakiwa kuingia katika shule ya sekondari ya wazungu, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua mwaka 1954 kwamba ubaguzi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Gavana wa jimbo, Orval Faubus, aliweka askari mlangoni wawazuie. Rais Eisenhower, ambaye alikuwa wa chama cha Republican kama Reagan, alituma wanajeshi wa shirikisho wawasindikize watoto hao hadi darasani. Sasa chukua ile sentensi ya maneno manne, uiweke kinywani mwa mwanajeshi aliyesimama kando ya msichana wa miaka 15 huku umati ukimzomea. Haitishi hata kidogo. Serikali ya karibu ndiyo iliyomfungia mlango. Ya mbali ndiyo iliyomfungulia.

Kwa hiyo Wamarekani weusi wengi waliposikia «haki za majimbo» na «Washington ituachie», walisikia kitu ambacho msemaji pengine hakukusudia, lakini ambacho historia ilikuwa imekiweka ndani ya maneno. Mwaka 1964 seneta Barry Goldwater wa Arizona aligombea urais kwa bendera ya serikali ndogo. Mwaka huo huo alipiga kura ya kuikataa Sheria ya Haki za Kiraia, akisema sehemu zake mbili zinaipa serikali mamlaka ambayo katiba haikuipa. Alishindwa vibaya na Lyndon Johnson. Alipata majimbo sita tu: la kwake, na matano ya Kusini, kule ambako ubaguzi ulikuwa na mizizi mirefu. Goldwater alizungumza juu ya katiba. Waliompigia kura kule Kusini wengi wao walisikia juu ya rangi. Uhafidhina wa serikali ndogo haujamaliza kulipa deni hilo.

Ugumu wa pili ni wa hesabu, nao una wasikilizaji wake. Uliza Wamarekani kama serikali ipunguzwe: wengi watakubali. Uliza ni kitu gani kipunguzwe, na mikono inashuka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Faida ya mwenzio nayo huonekana kama upotevu. Zaidi ya theluthi mbili ya matumizi ya serikali ya shirikisho yanakwenda katika mambo matano: malipo ya wazee yaliyoanzishwa mwaka 1935, matibabu ya wazee na matibabu ya maskini, yote mawili ya mwaka 1965, jeshi, na riba ya deni la taifa. Riba lazima ilipwe, jeshi wahafidhina wanalipenda, na wazee ndio wanaopiga kura kwa wingi. Mwaka 2009, wakati wa mjadala wa sheria ya afya ya Obama, mwananchi mmoja katika mkutano wa hadhara huko South Carolina alimwambia mbunge wake kwamba serikali iondoe mikono yake kwenye Medicare yake. Mbunge, Mrepublican aliyeitwa Bob Inglis, alijaribu kumweleza kwamba Medicare ni mpango wa serikali. Hakueleweka. Wengi walimcheka mwananchi yule, lakini mimi naona alikuwa anazungumza lugha aliyofundishwa. Katika lugha hiyo, «serikali» ni kile kinachokwenda kwa wengine. Kinachonijia mimi ni haki yangu.

Watu wa risiti nao si wengi kama tunavyodhani. Watumishi wa kiraia wa serikali ya shirikisho, ukiondoa posta, walikuwa milioni 2 na kitu mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2024 walikuwa bado milioni 2 na kitu, ingawa wananchi waliongezeka kutoka karibu milioni 200 hadi milioni 340. Kilichokua ni hundi zinazotumwa kwa wananchi. Idadi ya meza maofisini haikukua hivyo. Ndiyo maana marais waliokuja na shoka waliondoka na deni. Wakati wa Reagan kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishuka kutoka asilimia 70 hadi 28, fedha za jeshi ziliongezeka, na deni la taifa likakaribia kuwa mara tatu. George W. Bush alipunguza kodi, kisha mwaka 2003 akaongeza dawa katika Medicare.

Wako waliojaribu kwa uaminifu, na inafaa tuone walifika wapi. Mwaka 2012 gavana Sam Brownback wa Kansas alipunguza kodi za jimbo kwa kiasi kikubwa, akiita jambo hilo jaribio. Aliahidi kwamba biashara zitakua na zitafidia pengo. Hazikufidia. Fedha za barabara zilihamishwa kuziba bajeti, na mwaka 2017 mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba fedha za shule hazitoshi kulingana na katiba ya Kansas. Mwaka huo huo bunge la jimbo, lenye Warepublican wengi, lilirudisha kodi juu ya pingamizi la gavana wao wenyewe. Hawakuacha kuwa wahafidhina. Walilazimika kutaja kitu, na kitu hicho kilikuwa shule ya watoto wao.

Kutaja kitu ni kugumu kwelikweli. Novemba 2011, katika mdahalo wa wagombea, gavana Rick Perry wa Texas alisema angefuta wizara tatu. Alitaja ya Biashara, akataja ya Elimu, ya tatu akaisahau mbele ya nchi nzima. Ilikuwa Wizara ya Nishati. Miaka mitano baadaye aliteuliwa kuiongoza, na alipohojiwa na Seneti alisema anajutia kutaka ifutwe, kwa kuwa sasa ameelezwa kazi zake. Kazi yake kubwa mojawapo ni kutunza silaha za nyuklia za Marekani. Wizara hiyo ni mrithi wa mradi uliotengeneza bomu la kwanza, na sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilitoka Shinkolobwe, hapa hapa Katanga. Mtu wa Likasi angeweza kumwambia gavana kwamba ofisi ile si jina tu kwenye orodha.

Yaliyotokea mwaka 2025 yameufanya mjadala huu kuwa wetu pia. Rais Trump aliporudi madarakani alimpa Elon Musk kazi ya kupunguza serikali. Musk alitaja kwanza dola trilioni 2, baadaye trilioni 1, na mwishoni mwa Mei aliondoka. Maelfu ya watumishi walifukuzwa, lakini matumizi yote ya mwaka ule wa bajeti yalizidi ya mwaka 2024, kwa sababu yale mambo matano hayakuguswa vya kutosha. Kilichofungwa kabisa ni USAID, shirika la misaada, lililokoma kufanya kazi peke yake tarehe 1 Julai. Misaada yote ya nje ilikuwa kama asilimia 1 ya matumizi ya serikali ile. Kwa Kongo, Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu, na fedha zilisimamishwa mwezi ule ule Goma ilipotekwa. Serikali ilipunguzwa pale ambapo msikilizaji hana kura.

Najua jibu la mhafidhina, na halina aibu: kodi ya fundi wa Ohio si mali ya mgonjwa wa Kivu, na nchi inayoishi kwa misaada haitajenga dola yake. Sehemu ya jibu hilo naikubali. Tuliizoea mno serikali ya wengine. Lakini mpango unaoweza kufungwa kwa mwaka unaweza pia kufungwa kwa siku chache, na tofauti kati ya hayo mawili ni watu. Hayek, aliyetufundisha kwamba ofisi ya mbali haijui ya mtaani, angekuwa wa kwanza kuuliza: je, waliofunga walijua wanachofunga?

Msimamo wangu, basi, ni huu. Uhafidhina wa serikali ndogo ni swali zuri ambalo limezoea kujifanya jibu. Kila ofisi inastahili kuulizwa: unafanya nini, kwa gharama gani, na nani angeweza kukifanya vizuri zaidi? Carter aliuliza hivyo juu ya ndege, na jibu likapatikana. Lakini swali likiachwa bila jina la ofisi na bila jina la anayeguswa, linabaki kuwa sauti tamu ambayo kila mmoja anaijaza kwa adui yake.

Nawaandikia hasa wenzangu, kwa sababu siku hizi nasikia maneno haya yakirudiwa kwenye bustani ya kitivo chetu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na wagombea wetu nao watayaokota. Sisi ndio tutakaoyatafsiri. Tuliokua katika nchi ya kifungu cha 15, kile cha «jitafutieni wenyewe», tunajua serikali inaweza kuwa ndogo shuleni na kubwa sokoni, siku moja, mtaa mmoja. Wazazi wetu walilipa walimu kwa mifuko yao kwa miaka mingi huku watu wa risiti wakiendelea kupita.

Mwisho wa somo lile mwalimu aliuliza kama tunaridhika na tafsiri yetu. Tulisema ndiyo, tukafunga madaftari. Leo ningeinua mkono. Neno liko sawa, mwalimu, lakini halijakamilika: ndogo wapi, na kwa nani?